Uzito na Kuzimika: Mhadhara Juu ya Kompyuta Kuukuu za Nyumbani
(Ulisomwa mbele ya wakazi wa Alunguli, mjini Kindu, jimbo la Maniema)

     

Mnajua hali ya kompyuta zilizomo katika nyumba zetu. Nyingi ni za umri wa miaka kumi au kumi na mitano. Zilitumika kwanza Ulaya au katika nchi za Ghuba, zikauzwa tena, zikapita bandari na masoko mengi hata zikafika Goma, Bukavu au Lubumbashi, na mwisho zikatufikia Kindu kwa ndege au kwa reli ya SNCC. Licha ya ukuukuu wake, mashine hizi ndizo zinazobeba kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi, hesabu za misikiti na makanisa, barua za vyama na mikataba ya viwanja, na kwa wenye zile ofisi ndogo tuziitazo sekretaria ndizo riziki ya watoto. Basi zinapoharibika, khasara yake si ya mtu mmoja.

Malalamiko ninayoyasikia ni mawili: «mashine yangu ni nzito», na «mashine yangu inazimika». Makusudi ya mhadhara huu ni kuthibitisha kwamba hizo ni ila mbili mbalimbali, zenye asili mbili mbalimbali, na kwamba fedha nyingi hupotea kwa sababu mwenye mashine hununua dawa ya ila hii akaitia katika ila ile. Nitalieleza jambo hili kwa hoja sita, nami naomba subira yenu, kwani utaratibu wa hoja ndio wenyewe utaratibu wa kazi.

Hoja ya kwanza: maandiko huokolewa kabla ya mashine

Mashine inaweza kununuliwa nyingine, lakini kazi ya mwanafunzi iliyoandikwa kwa miezi haiuzwi sokoni. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kufungua parafujo hata moja na kabla ya kumwita fundi yeyote, ni kunakili maandiko yote yenye thamani na kuyaweka mahali pawili palipo nje ya mashine hiyo: mathalan katika diski ya nje na katika flashi, au katika kompyuta ya jirani mwaminifu. Kisha nakala hizo zifunguliwe na kusomwa katika mashine nyingine, maana nakala ambayo haijajaribiwa ni dhana tu, si akiba.

Hapa pana hadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba masoko yamejaa flashi za bei ndogo zilizoandikwa kipimo kikubwa kuliko uwezo wake wa kweli. Huonyesha gigabaiti nyingi, nawe ukijaza kupita uwezo wake, yale unayoyaandika hupotea bila ya mashine kukuonya. Iko programu ya bure iitwayo H2testw inayoijaza flashi yote na kuisoma tena, ikafichua uwongo huo. Ya pili ni virusi vya flashi vinavyoficha mafaili ya mtu na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Mama zangu wenye sekretaria wanavijua sana. Mafaili hayo aghalabu hayakufutwa, yamefichwa tu. Basi asiwepo mtu wa kukimbilia kuisafisha flashi yote kabla ya kuyafichua na kuyanakili.

Hoja ya pili: uzito si kuzimika, na anayetaka kutofautisha sharti aandike

Mashine nzito ni ile inayofanya uliloiamuru, ila kwa kukawia. Mashine inayozimika ni ile inayokata kazi ghafula: hujizima, au hujiwasha upya, au huganda isisikie kibonyezo, au huleta ile skrini ya buluu. Uzito kwa kawaida hutokana na uhaba, wa kumbukumbu au wa wepesi wa diski. Kuzimika kwa kawaida hutokana na kitu kilichoharibika au kinacholishwa vibaya: umeme, joto, kibao cha kumbukumbu, au diski inayokufa. Anayeongeza kumbukumbu katika mashine inayozimika kwa sababu ya umeme mbovu ametumia fedha yake bure. Na anayebadili kisanduku cha umeme katika mashine iliyo nzito tu, khasara yake ni ile ile.

Basi liwepo daftari kando ya kila mashine iliyougua. Ndani yake iandikwe saa ilipozima, kazi iliyokuwa ikifanywa, kama jenereta ilikuwa ikilia au umeme ulitoka katika betri za jua, na maneno yoyote yaliyoonekana kwenye skrini. Windows yenyewe hushika kumbukumbu za namna hiyo katika orodha yake ya matukio. Mkiona humo namba 41 chini ya jina Kernel-Power, jueni kwamba mashine ilikatika bila ya kuzimwa kwa taratibu, ingawa namba hiyo haisemi ni nani aliyeikata. Na kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: badilisha jambo moja tu kwa mara moja, kisha ungoje uone. Fundi anayebadili kumbukumbu, diski na Windows kwa asubuhi moja, hata mashine ikipona, hajui kilichoiponya, na ila ikirudi ataanza tena gizani.

Hoja ya tatu: kuzimika kutafutwe kwanza katika umeme na joto

Umeme unaotarajiwa na vyombo vyetu ni wa volti 220, na mizunguko 50 kwa sekunde. Lakini jenereta ndogo, inapowashiwa friji au pasi, hushusha volti kisha ikazipandisha ghafula. Na baadhi ya inveta za bei ndogo hutoa umeme usio laini, ambao visanduku vingine vya umeme vya kompyuta huukataa. Kwa hiyo dalili ya kwanza ya kuangaliwa katika daftari ni saa: ikiwa mashine huzimika wakati ule ule chombo kizito kinapowashwa, msitafute mbali. Stabilaiza njema, au UPS, itakuwa ndiyo dawa. Kwa kompyuta ya mkononi jaribio ni rahisi zaidi: itumieni kwa betri peke yake, kisha kwa chaja; ikizimika katika hali moja tu, mmekwisha kujua upande wa kosa. Kwa ile ya mezani, azimeni kisanduku cha umeme kilicho kizima mkijaribu nacho. Lakini nawasihi, msikifungue kisanduku chenyewe, kwani ndani yake umeme hubaki hata baada ya waya kung'olewa, nao unaweza kumdhuru mtu.

Mkifungua kifuniko cha mashine, tazameni ubao mama. Humo mna vikopo vidogo vilivyosimama, viitwavyo kapasita, na vichwa vyake vyapasa kuwa bapa. Mashine nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya mwanzo ya 2000 zilipewa kapasita mbovu, jambo lililotia khasara viwanda vya dunia nzima. Nazo huvimba kichwa au kuvuja. Ikionekana hivyo, basi yakini imepatikana, na fundi mwenye mkono mwepesi wa kulehemu anaweza kuzibadili kwa gharama ndogo.

Tena kuna joto. Prosesa inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kazi yenyewe ili isiungue, na joto likizidi mashine hujizima. Hapa nakiri kwamba ila mbili nilizozitenga hukutana: joto huleta uzito kwanza na kuzimika baadaye, ndiyo maana mashine iliyo nyepesi alfajiri na nzito adhuhuri yapasa kutuhumiwa joto kabla ya jingine lolote. Katika mji huu ulio karibu na Ikweta, wenye unyevu mwaka mzima, na vumbi jekundu linaloingia madirishani majira ya kiangazi, feni na chuma cha kupozea hujaa taka zikaziba njia ya hewa. Zimeni mashine, ng'oeni waya, shikeni feni kwa kidole isizunguke, na mfagie vumbi kwa brashi laini. Dawa ile ipakwayo kati ya prosesa na chuma chake cha kupozea nayo hukauka kwa miaka. Yafaa ipanguswe na kupakwa mpya. Na mashine isiwekwe sakafuni, wala kubanwa ukutani.

Umeme na joto vikiisha kuondolewa shaka, ijaribiwe kumbukumbu. Vibao vyake vitolewe, meno yake ya shaba yasuguliwe polepole kwa kifutio cha penseli, virudishwe kwa nguvu ya wastani hata vilie. Ajabu ni kwamba mashine nyingi huponea hapo, maana unyevu wetu huyatia kutu na uchafu. Isipopona, itumike programu ya bure ya Memtest86+, inayowashwa kutoka katika flashi na kuandika na kusoma kila kipande cha kumbukumbu. Jaribio hilo huchukua saa nyingi, basi lipangwe siku ambayo umeme una uhakika. Kosa moja tu likionekana latosha kutia shaka. Hapo vibao vijaribiwe kimoja kimoja, na kilicho kibovu kitolewe.

Naona kijana mmoja ameinua mkono pale nyuma, nami nadhani najua swali lake, maana huulizwa kila mahali: mbona saa ya mashine hurudi miaka mingi nyuma, na intaneti ikakataa kufungua kurasa? Sababu ni ile betri ndogo ya duara katika ubao mama, ya volti 3, iitwayo CR2032. Ikiisha nguvu, mashine husahau tarehe; na kurasa zilizo salama hupima vyeti vyake kwa tarehe, basi mashine inayodhani tuko mwaka 2009 huviona vyote ni batili. Ibadilishwe betri, iwekwe tarehe, na shida imekwisha.

Hoja ya nne: uzito ni uhaba, na uhaba una mahali pake

Hebu tumfikirie karani anayefanya kazi hapa Alunguli, mwenye meza ndogo, ilhali ghala ya karatasi zake iko ng'ambo ya mto Lualaba, Kasuku. Madhali karatasi anazozihitaji zinaenea mezani, kazi yake huenda mbio. Meza ikijaa, hana budi kupeleka karatasi moja ng'ambo ili alete nyingine, na mara akaihitaji ile ile aliyoipeleka. Mwisho siku yake yote huishia mtoni, si mezani. Meza ni kumbukumbu, ile mafundi waiitayo ramu. Ghala ni diski. Mtaalamu wa Marekani, Peter Denning, aliieleza hali hii kwa hesabu mwaka 1968, akaonyesha kwamba mashine iliyofika hapo haipungui kasi kidogo kidogo, bali huanguka ghafula, kwa kuwa nguvu zake zote zimekwenda katika kubadilishana.

Kujua kama ndiyo hali yenu, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mtazame orodha itakayofunguka. Kumbukumbu ikiwa imejaa karibu yote, na diski inafanya kazi asilimia 100 ilhali prosesa imetulia, yakini imepatikana: karani yuko mtoni. Mashine ya gigabaiti 2 haitoshi tena kwa intaneti ya leo. 4 zatosha kwa uangalifu, na 8 ni raha. Lakini kabla ya kununua, jueni aina ya kibao, kwani DDR2 haiingii mahali pa DDR3. Na jueni pia kwamba Windows ya nyumbani iliyo ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4, hata mkiiongezea.

Jambo la pili ni wepesi wa diski yenyewe. Diski ya sahani zinazozunguka haijabadili asili yake tangu IBM ilipotoa ya kwanza mwaka 1956, yenye sahani 50 na nafasi ya herufi milioni 5: mpaka leo kuna mkono wa chuma unaokwenda na kurudi kutafuta mahali. Katika diski za nyumbani, zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, kila safari ya mkono huo huchukua karibu sehemu moja ya mia ya sekunde, yaani kama safari mia tu kwa sekunde moja. Diski ya SSD haina mkono wala sahani, nayo hujibu maombi maelfu kwa muda huo huo. Ndiyo maana nasema bila ya kusitasita kwamba, kwa mashine nzito yenye afya, hakuna fedha inayoleta faida kubwa kuliko ile ya kununua SSD, hata ndogo.

Walakini, uzito wa ghafula katika mashine iliyokuwa nyepesi jana ni jambo jingine. Huenda diski inakufa, na hukawia kwa sababu inarudia kusoma mahali pale pale palipoharibika. Sikilizeni kama inagonga. Tena tumieni programu ya bure ya CrystalDiskInfo, inayosoma hesabu ambazo diski hujiwekea yenyewe. Ikionekana kwamba idadi ya sehemu zilizohamishwa inapanda kila wiki, msiisumbue kwa ukarabati wa aina yoyote. Nakilini yaliyobaki, kisha iachishwe kazi.

Hoja ya tano: programu nazo zina umri na adabu zake

Wengi hudhani kila uzito ni virusi, wakatia antivirusi mbili au tatu. Nazo hupigania kila faili linalofunguliwa, zikaongeza uzito uleule uliokimbiwa. Moja yatosha, na Windows tangu toleo la 8 inayo ya kwake. Katika orodha ile ya Ctrl, Shift na Esc kuna pia, tangu toleo hilo la 8, sehemu ya programu zinazojiwasha pamoja na mashine: zisizohitajiwa zizimwe huko.

Lakini kuna hukumu ya wakati. Windows XP iliacha kuhudumiwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo hudai gigabaiti 4 na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine zetu nyingi hazinacho. Je, zitupwe? Hasha. Iko njia ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na yako matoleo yake mepesi, mathalan Lubuntu na Linux Mint ya Xfce, yanayotolewa bure na yanayofaa mashine nyonge. Wala Kiswahili si mgeni huko: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa lugha yetu kwa jina la Jambo OpenOffice.

Fauka ya hayo, Linux ni kipimo kizuri hata kwa asiyetaka kuihamia. Huwashwa kutoka katika flashi bila ya kugusa diski. Ikiwa mashine inazimika hata chini ya Linux hiyo, kosa liko katika chombo. Ikiwa imetulia kwa saa kadhaa ikifanya kazi, basi yaelekea kosa liko katika diski au katika Windows. Jaribio hilo moja humwepusha mtu na makisio mengi.

Hoja ya sita: kutengeneza ni wajibu wetu kwa namna ya pekee

Naijua hoja ya wale wasemao kwamba taabu hii haistahili, na kwamba afadhali kungoja mpaka ipatikane fedha ya mashine mpya. Nawajibu kwa kuwakumbusha ardhi tunayoikalia. Madini ya bati yamechimbwa Kalima tangu miaka ya 1930, wakati wa kampuni ya Symétain, na bado yanachimbwa katika Maniema. Bati ndiyo inayoshikisha kila kipande katika ubao mama, na zaidi tangu 1 Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vyombo vipya vingi vya umeme. Koltani ya mashariki mwa nchi yetu hutoa tantalamu ya kapasita ndogo, na kobalti ya Kolwezi huingia katika betri. Watu wa nchi hii wameulipia utajiri huo kwa jasho, na wengi kwa damu. Basi si insafu kwamba kitu kilichotoka kwetu kikiwa jiwe kirudi kikiwa taka, kikachomwe nyuma ya nyumba kwa sababu ya vumbi katika feni.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za umeme tani milioni 62, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Nyaya zikichomwa hutoa moshi wa sumu; ubao wa zamani una risasi, na mvua huipeleka mtoni tunamovua samaki. Mashine ambayo ubao wake umekufa kabisa isichomwe: itolewe kumbukumbu, diski, feni na betri ya saa, ziwekwe akiba kwa ajili ya nyingine.

Enyi hadhirina, nisimalize kwa maneno matupu. Natoa rai tatu, ambazo hazihitaji mfadhili wa kutoka mbali. Ya kwanza, kila shule na kila sekretaria ya Alunguli iwe na daftari la mashine, ili anayekuja kutengeneza akute khabari badala ya makisio. Ya pili, ng'ambo hii ya mto tuwe na sanduku moja la shirika: brashi, bisibisi, kisanduku kizima cha umeme cha kujaribia, betri chache za saa, na flashi mbili zenye Memtest86+ na Linux, ili gharama ya kupakua ilipwe mara moja kwa faida ya wote. Ya tatu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu na wa shule zetu za ufundi, wasichana sawasawa na wavulana, waandike kwa Kiswahili cha Maniema mwongozo mfupi wa mambo haya, nao usahihishwe kila mwaka kwa yale ambayo madaftari yatakuwa yametufundisha kuhusu vumbi letu na umeme wetu.

Mkinikubalia, tuanze na daftari wiki hii hii, kwani halina gharama ila kalamu. Na sanduku lipatiwe mweka hazina wake kabla hatujatawanyika leo. Sasa niko tayari kwa maswali, na kwa mashine yoyote mliyoileta.